Mjomba anasema nimemvua bibi nguo barabarani

Bi Mshauri, shikamoo.

Mficha uchi hazai, kwa hiyo nitasema yote. Mimi ni mchoraji, nina miaka 36, naishi Kigamboni na mume wangu, binti yetu wa miaka sita na mdogo wake ambaye bado ananyonya. Miaka yote hii riziki yangu imekuwa tembo na twiga wa rangi ya kopo, zile picha wanazozipenda watalii. Sizidharau, ndizo zilizolipa kodi ya nyumba. Lakini tangu nijifungue huyu wa pili, mkono umekataa twiga.

Kwa baba sisi ni Wazigua wa Handeni. Kwa mama nimekua nikiambiwa sisi ni Waarabu wa Pangani, na maelezo yakaishia hapo. Sasa mama ana miaka 80 na ugonjwa wa kusahau umemshika. Anaweza kuuliza chai mara tatu na kikombe kiko mkononi. Ya utotoni, hata hivyo, anayasema kana kwamba yametokea leo asubuhi. Akaanza kuimba wimbo wa kubembeleza mtoto kwa lugha ambayo hatukuwahi kumsikia akiitamka. Nilimrekodi kwa simu. Jirani yangu, mama wa Tunduru, akausikia wakati anafua, akaacha nguo kwenye beseni: "Hicho si Kiyao hicho?"

Kidogo kidogo yakatoka. Bibi yake mama, aliyemzaa baba yake na kumlea yeye mpaka alipofariki miaka ya 1950, hakuwa Mwarabu. Aliletwa Pangani mtoto mdogo, anasema kutoka Nyasa, akanunuliwa, akakulia ndani ya nyumba ile, na mwenye nyumba akamfanya suria. Akamzalia watoto, mmoja wao ni babu yangu. Mama anasema hata uzeeni bibi hakula sebuleni na wenziwe. Alikula jikoni, amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Anasema alikuwa na kaniki, ile nguo nyeusi, chini ya sanduku, haivai wala haitupi. Na alipokuwa akimsuka nywele alimwimbia wimbo ule, akimkanya asiuimbe mbele za watu. Mama hakuuimba maisha yake yote, hadi sasa.

Nimechora hayo. Usiku watoto wakilala, humo humo chumbani, maana nyumba yetu ni ndogo. Kuna bibi juu ya mbuzi na nyuma yake mlango wa sebule uko wazi. Kuna kaniki peke yake juu ya sanduku. Kuna mama nikimwogesha, mgongo wazi. Na kuna kubwa kuliko zote: bibi akiwa mtoto, yuko kwenye msafara, mnyororo shingoni. Picha ya bibi haipo hata moja, kwa hiyo nikamkalisha binti yangu kwenye kigoda, nikampa juisi, nikatumia uso wake. Mume wangu ni Mpare, mtu mpole, hanigombezi. Alipoiona alisema tu, "Umemfunga mwanangu mnyororo," akaigeuza ikatazama ukuta. Mtoto naye kila siku anaigeuza tena, anajitafuta.

Ukumbi mmoja hapa Dar umenikubalia maonyesho mwezi ujao. Mdogo wangu kwa furaha yake akatupia picha mbili kwenye kundi la familia la WhatsApp, zikafika Maskati waliko nusu ya ukoo. Huko binti wa binamu yangu anaposwa na wakwe wanauliza nasaba. Usiku huo huo mjomba, kaka mkubwa wa mama, akanipigia kutoka Tanga. Yeye ndiye aliyenilipia ada ya sekondari baba alipofariki. Alisema: "Babu yetu alimsitiri bibi, wewe unamvua nguo barabarani. Zichane." Mama mkubwa yeye anasema kuchora sura ni haramu, seuze sura za maiti.

Bi Mshauri, nionyeshe au nifiche? Mama hajui tena ametoa nini kinywani mwake, je, ninamwibia? Nilimwonyesha ile ya mbuzi, akacheka, akauliza, "Nani kaacha mlango wazi?" Kesho yake akaiona tena, akalia. Halafu kuna mnunuzi ameshaulizia bei ya ile kubwa, na pesa, sikufichi, naihitaji.

Mchoraji, Kigamboni

*

Marahaba, mwanangu, na hongera ya uzazi.

Kabla ya ukoo, niambie: rangi ya kopo na thina, usiku, chumba kimoja na mtoto anayenyonya? Hilo liishe leo, kabla hujamaliza kusoma barua hii. Hamia rangi za maji au akriliki, na za mafuta zisubiri mpaka upate kibaraza. Au fanya kama alivyofanya Rosemary Karuga, Mkenya mzaliwa wa Meru, baba Mganda na mama Mkenya. Alisoma sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, akafundisha shule na kulea watoto miaka mingi, na aliporudi kwenye sanaa miaka ya 1980 hakuwa na pesa ya rangi. Alikata makaratasi ya sabuni na pakiti za unga, akayabandika yakawa watu, kuku na mashamba. Alifariki mwaka 2021 akiwa na jina kubwa. Karatasi na gundi havimkoseshi mtoto usingizi.

Sasa tuje kwa bibi.

Hofu ya mjomba wako naielewa, ila kwa upande wa nasaba haina mguu wa kusimamia, na yeye mtu wa pwani analijua hilo. Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake ni huru, ni halali, anarithi, na anafuata nasaba ya baba. Seyyid Said, yule Sultani wa Omani aliyehamishia makao yake Unguja, watoto wake walizaliwa na masuria. Majid akatawala, Barghash akatawala, na mama yake Barghash alikuwa Mhabeshi. Salme, binti wa Seyyid Said, ambaye mama yake alikuwa suria Mcherkesi, alichapisha kumbukumbu zake Berlin mwaka 1886, na alizianza kwa ajili ya watoto wake, wajue mama yao alitoka wapi. Wakwe wa Maskati wakiuliza kufu, yaani ulinganifu wa wanaooana, wajibiwe hivyo hivyo, kifua mbele. Babu yako ni mtoto wa baba yake.

Lakini usiishie hapo, maana hapo ndipo wengi wetu wa pwani tunapopenda kuishia. Tunataja nasaba ya baba, mama anabaki jikoni. Neno la mjomba, kwamba bibi alisitiriwa, lina ukweli wake: alikula, alivaa, alizikwa na watu. Ila hakuna aliyemuuliza. Tazama hata sheria zenyewe zilivyomruka. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na pengine bibi alikuwa hata hajazaliwa. Mwaka 1897 utumwa ukafutwa kisheria Unguja na Pemba, masuria wakaachwa nje. Wao walisubiri hadi 1909. Kwenu Pangani, chini ya Wajerumani, ilitangazwa kuwa watakaozaliwa baada ya mwisho wa 1905 ni huru, na utumwa wenyewe haukufutwa mpaka Waingereza walipoufuta mwaka 1922. Kwa dini, suria aliyemzalia bwana wake hauzwi tena, na bwana akifa anakuwa huru. Kwa hiyo yule mzee ambaye mama yako alimwona juu ya mbuzi miaka ya 1940 na 1950 alikuwa huru kwa kila kitabu unachoweza kukifungua, na bado alikula jikoni. Hiyo ndiyo picha yako. Nimeisoma tu kwenye barua na nimeuona mlango ule.

Ndiyo maana ile kubwa inanisumbua, na si kwa sababu ya mjomba. Mama yako ametaja kaniki. Ametaja mbuzi, nywele, wimbo. Mnyororo hakuutaja. Umetoka wapi? Nadhani umetoka Mkunazini, kwenye yale masanamu ya saruji yaliyo shimoni karibu na kanisa la Waanglikana, ambayo kila aliyekwenda Unguja kwa safari ya shule amepigia picha. Ni kazi nzuri ya mchongaji kutoka Sweden, ila ni yake. Watoto walifika pwani kwa njia nyingi: kuna waliotekwa, kuna waliowekwa rehani wakati wa njaa, kuna waliouzwa na jamaa zao wenyewe. Wengi wa upande wa Nyasa walishukia Kilwa, kisha majahazi yakawapeleka kaskazini, kwa hiyo huenda bibi aliiona Pangani mara ya kwanza kutokea baharini. Hujui, na mimi sijui. Ulipofika mahali usipopajua, uliazima picha iliyo tayari. Chora usichokijua kikiwa hakijulikani. Acha turubai wazi mahali hapo ukiweza kuvumilia.

Na kibandiko cha chini kisiandike "Myao" kwa haraka. Wayao walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa njia ile, na lugha yao ilisikika mbali kuliko nyumbani kwao. Bibi anaweza kuwa Myao, anaweza kuwa mtoto wa watu wengine aliyekaa kwa Wayao mpaka akaushika wimbo. Pwani nao walimwita Mnyasa kila aliyetoka upande wa ziwa. Andika "kama alivyosimulia mama", inatosha. Kumbukumbu za utotoni ndizo hukaa mwisho kwa wagonjwa kama mama yako, lakini nazo huchanganyikana.

Jina lake je? Barua nzima umeandika "bibi". Watumwa pwani walipewa majina: Mabruki, Baraka, Faida, Majaliwa. Lile la kwao lilibaki njiani, au lilibaki kwa mtu mmoja tu aliyesukwa nywele. Lubaina Himid, msanii mwenzako, alizaliwa Unguja mwaka 1954, mama Mwingereza, baba mtu wa Ngazija. Baba alifariki kwa malaria mtoto akiwa na miezi tu, mama akambeba akarudi naye Uingereza. Mwaka 2004 alionyesha watu 100 wa mbao bapa, wa kimo cha binadamu, wakiwa watumwa na watumishi Waafrika wa nyumba za wakubwa wa Ulaya. Kila mmoja alikuwa na maneno yake: jina lake la kwao, jina aliloitwa na mabwana, kazi aliyoijua kabla, kazi anayofanyishwa sasa. Mwaka 2017 alipata Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Hakuwa na picha za watu wale, kama wewe usivyo na ya bibi. Alianza na majina.

Mtu wa kumuuliza jina simwoni kwa mama, ambaye si vizuri kumhojihoji. Ukimbana atalia na hutapata kitu. Mtu huyo ni mjomba. Hebu hesabu mwenyewe. Kama ni kaka mkubwa wa mama, bibi alipofariki alikuwa kijana anayejua mambo. Na ametumia neno "alimsitiri" bila wewe kumweleza chochote, yaani hadithi hii anaijua kuliko wewe. Umemchukua kama askari wa geti wakati ni shahidi wako wa mwisho mwenye akili timamu. Simu haitafaa. Panda basi uende Tanga kabla ya maonyesho, mchukue mume wako, zikunje zile picha ya mbuzi na ya kaniki uzibebe. Ile kubwa iache nyumbani. Mwamkie, mpe pole kwa kuziona WhatsApp kabla ya kuonyeshwa na wewe, maana hapo alikuwa na haki ya kukasirika. Kisha mkunjulie ya mbuzi, unyamaze.

Akisema bado hataki, mwahidi mawili unayoweza kuyatimiza: jina la ukoo halitaandikwa popote ukumbini, na hakuna picha itakayopanda mtandaoni mpaka posa ya Maskati iishe. Kuchana usimwahidi. Ada ya shule ni deni la heshima, nalo lipe kwa kwenda na kuamkia na kusikiliza. Bibi ni nyanya yake, na ni bibi yako vilevile. Hana hati ya kummiliki peke yake.

Mama ni habari nyingine. Umeuliza kama unamwibia. Kwa hadithi ya bibi, sioni wizi. Alirithishwa naye anarithisha, hata kama ugonjwa ndio uliofungua komeo. Ila mgongo wake bafuni, hapana. Leo anacheka, kesho analia, na vyote viwili si ruhusa. Angekuwa na akili yake ya zamani, yule mama aliyetunza siri maisha yake yote angekubali watu wa Dar wamtazame anaogeshwa? Unamjua, jibu unalo. Iondoe kwenye maonyesho, ibaki kwako. Wimbo nao usiupige ukumbini kwa spika, hata mwenye ukumbi akikushawishi kwamba utavutia watu. Bibi alikanya. Mwimbie huyo anayenyonya. Na kama mama hajaonwa na daktari kwa huo usahaulifu, mpelekeni. Kuna mengine yanayofanana na ugonjwa huo na yana dawa.

Kuhusu binti yako nitakuwa mfupi: mume wako yuko sahihi. Mtoto wa miaka sita hawezi kukubali kitu kama hicho kwa glasi ya juisi, na picha ikishapigwa na simu za wageni hutaikusanya tena. Mwaka 1936 Frida Kahlo, mchoraji wa Mexico, alichora ukoo wake, baba mzaliwa wa Ujerumani na mama wa Mexico mwenye damu ya Kihispania na ya wenyeji. Wazazi wa baba aliwaweka juu ya bahari, wa mama juu ya nchi kavu, na katikati, uani kwao, kasimama msichana mdogo ameshika utepe mwekundu unaowaunganisha wote. Msichana yule ni Frida mwenyewe. Uso alioutoa ulikuwa wake wa kuutoa. Wewe nawe ulikuwa na miaka sita, na huyo ni mama wa babu yako. Tafuta picha yako ya darasa la kwanza, futa uso wa mtoto, uweke wako. Mweleze binti kwa nini ametoka, maana ataulizia. Mwambie hiyo si kazi yake, mkae mchore nyingine ambayo atachagua mwenyewe amevaa nini.

Suala la mama mkubwa la haramu mimi si mtu wa kulitolea fatwa. Masheikh wenyewe wanatofautiana, muulize wako. Ila mkumbushe kwamba ile ya kaniki haina sura ya mtu. Na kwa umri wake huenda anajua kaniki ilikuwa vazi la nani pwani hii, na kwa nini wanawake walioachwa huru waliikimbilia kanga ya rangi. Inawezekana akakaa mbele ya picha hiyo kuliko wewe unavyodhani. Kwangu mimi, ndiyo ningeitundika ukutani mkabala na mlango.

Imebaki pesa. Ile kubwa mwambie mnunuzi haijaisha, na ni kweli haijaisha: uso unabadilika, mnyororo unatoka. Asipoitaka bila mnyororo, alikuwa ananunua mnyororo. Kaniki usiiuze mwaka huu, mpaka mjomba na mama mkubwa waione. Ya mbuzi uza, kama Tanga kutakuwa salama. Unaweza kuichora tena, na mlango ule unaujua vizuri sasa. Bei mwachie mwenye ukumbi aitaje, wewe twiga wamekuzoesha kujipunja.